Nilivyokagua Boma la Babu Ndani ya Kompyuta

Mimi ni sajenti mstaafu wa bohari. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhesabu: magunia ya posho, mablanketi, viatu, mapipa ya mafuta. Sikudhani kwamba ujuzi huo ungenifaa siku moja katika mchezo wa watoto, tena mchezo niliokuwa nikiukemea kila nirudipo likizo.

Mchezo wenyewe huitwa Minecraft. Ulibuniwa na Markus Persson wa Uswidi, ukatolewa rasmi mwaka 2011. Mchezaji hupewa nchi tupu yenye milima, mito na misitu, naye huijenga kwa vitofali jinsi apendavyo. Nilipokuwa Somalia katika jeshi la kulinda amani, wanangu wawili waliobaki kambini na mama yao walijenga humo boma la babu yao, baba yangu mzazi, ambaye alikwisha kufariki. Shamba lake lilikuwa limeuzwa, nyumba imebomolewa, wala hatukuwa na picha yake hata moja. Watoto walijenga kwa kuuliza. Mama yao aliwaeleza jiko lilipokuwa; mimi, kwa simu, niliwaeleza zizi la ng'ombe na njia ya kisimani. Niliporudi wakanionyesha, nami nilinyamaza kwa muda. Tangu siku hiyo sikukemea tena.

Jioni moja umeme ulikatika. Kompyuta yetu ni kuukuu na betri yake ilikufa zamani, basi ilizimika papo hapo, wakati mchezo ulipokuwa ukihifadhi kazi. Umeme uliporudi, nchi ile ilifunguka, lakini kila mara kijana alipolikaribia boma, mchezo ulijifunga wenyewe. Alitaka kujaribu tena na tena huku machozi yakimlengalenga. Nilimwambia aondoe mkono. Bohari likivunjwa usiku, hakuna aruhusiwaye kuingia kupanga vitu kabla ya ukaguzi.

Baadaye nilijifunza kwamba amri ile ilikuwa ya busara kuliko nilivyojua. Mchezo huu ukikuta kipande cha ardhi kisichosomeka, huenda ukaumba kingine mahali pake, kitupu kama kilivyokuwa kabla ya mtu yeyote kujenga, kisha ukakiandika juu ya kile cha zamani. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya ni kunakili folda nzima na kuiweka kando. Kazi yote iliyofuata tuliifanya juu ya nakala hiyo.

Afande mmoja wa mawasiliano, jirani yetu, alituletea programu iitwayo Minecraft Region Fixer. Alinieleza kwa lugha ya bohari, nikaelewa mara moja. Ardhi ya mchezo hugawanywa vipande vya vitofali 16 kwa 16, na kila faili huweza kubeba vipande 1,024. Mwanzoni mwa faili kuna daftari lionyeshalo kila kipande kimewekwa rafu ipi. Programu hulisoma daftari, huiendea kila rafu, hufungua furushi na kutazama kama lasomeka. Kila furushi hubanwa ili lisichukue nafasi kubwa, na mwishoni hutiwa hesabu ya uhakiki; hesabu isipolingana, yaliyomo yameharibika. Tena ndani ya furushi imeandikwa anwani yake, na ikiwa daftari lasema jambo jingine, basi furushi limekaa mahali pasipo pake. Hata vipande viwili vikidai rafu moja, programu huvitaja. (Wenye kucheza kwa simu wasiitafute programu hii, kwa kuwa toleo la simu huhifadhi kazi kwa namna nyingine kabisa.)

Tuliketi watu watano mbele ya kioo. Ripoti ilipotoka, vipande sita vilikuwa vimeharibika na kimoja kimekaa mahali pasipo pake. Vyote saba vilikuwa bomani.

Kijana aliuliza, "Baba, si itavitengeneza?" Afande alitikisa kichwa. Programu ile hukagua na kuripoti. Ikiamriwa, huweza kufuta kipande kibovu, na mchezo utaumba ardhi tupu mahali pake. Haikumjua babu wala jiko lake. Ila kama ipo nakala ya siku za nyuma, huchukua humo vipande vile tu vilivyoharibika na kuviingiza, bila kugusa vingine.

Hapo binti yangu mkubwa aliinuka bila kusema neno, akarudi na flashi. Wakati wa likizo alikuwa amenakili nchi yote ili akacheze kwa shangazi yake Jinja, na kwa uvivu, kama alivyokiri mwenyewe, hakuifuta. Mimi niliyetunza madaftari ya jeshi kwa miaka hiyo yote sikuwa nimewaza kuweka nakala.

Tulirudisha vipande vyote saba. Kijana alifungua mchezo, akatembea polepole. Jiko lilikuwapo, na zizi, na njia ya kisimani. Mvule haukuwapo, kwa sababu waliupanda baada ya likizo ile. Mahali pake palikuwa na majani matupu.

Mama yao akasema upandwe kushoto mwa lango. Mimi nasema ulikuwa kulia, kwa maana nilizaliwa pale. Hadi leo hatujakubaliana, na kijana ameweka alama ya mawe pande zote mbili akitungoja.