Mgongo wa Kaunda Suti

Wajukuu wakiniuliza mbunifu wa mavazi wa kwanza niliyemjua ni nani, hutarajia nimtaje mtu wa Dar es Salaam. Mimi namtaja fundi wetu wa Ndalambo, aliyekaa na Singer yake kwenye baraza la duka la kijiji, chaki nyuma ya sikio na gazeti la Uhuru mapajani. Siasa alizijua, lakini gazeti alilinunua kwa ajili ya picha. Picha zikishaangaliwa na kila mtu, karatasi ileile aliitandaza mezani akaikata iwe kipimo cha kola au cha mfuko. Nimewahi kuona hotuba nzima ya bajeti ikigeuka mkono wa kushoto wa blauzi.

Kushona alijifunzia Kitwe, kwenye migodi ya shaba, wakati Zambia bado inaitwa Rhodesia ya Kaskazini. Wanaume wengi wa kwetu walipita huko. Sisi Wanyamwanga tuko pande zote mbili za mpaka. Wakoloni walipochora mstari wao pale Tunduma, shangazi alibaki huku na wapwa zake kule, na safari ya Nakonde au ya misheni ya Mwenzo ikaendelea kuwa safari ya kwenda kwa ndugu. Wenzake walirudi na baiskeli au gramafoni. Yeye alirudi na cherehani, pamoja na tabia ya kumpima mtu mabega kwa macho kabla hajamwamkia.

Baba alinipeleka kwake nikiwa bado shule ya msingi, nikae barazani baada ya masomo. Kazi yangu ilikuwa kufuma matundu ya vifungo, kuchokoa mishono iliyokosewa na kupepea pasi ya mkaa nje ya baraza ili majivu yasirukie nguo nyeupe. Malipo yalikuwa vipande vya kitambaa, navyo nikampelekea mama, akaviunga vikawa foronya.

Reli ya TAZARA ilifika Tunduma mwaka 1973. Vijana wetu waliopata kibarua cha kulaza mataruma wakawa wanakuja nyumbani na mshahara, na mshahara ule ulikuwa na hamu ya nguo. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi ililipwa kwa fedha zilizotokana na kuuza bidhaa za China, kwa hiyo madukani kukajaa vitambaa vya Kichina, raba za Kichina, tochi na chupa za chai zenye maua. Tuliivaa reli kabla hatujaipanda.

Hapo ndipo bugaluu ilipoingia Ndalambo. Wenye fedha walileta tetroni mpya, na fundi akaikata kwa kanuni moja: suruali ibane pajani, ifunguke kuanzia gotini, na chini ifunike kiatu. Mteja alitakiwa aje na viatu vyake vya raizoni. Alisimama juu ya kiti, fundi akachuchumaa mbele yake, na ncha ya kiatu ikichungulia basi kitambaa hakijatosha. Wasio na fedha walikuja na suruali zao za kaki za zamani. Fundi alizipasua mshono wa pembeni kuanzia gotini, akatia pembe ya kitambaa kingine. Kaki ya rangi ileile ilikuwa haba, akatumia alichokuwa nacho, mara nyingi kipande cha kitenge. Haikupita miezi mingi wale wenye tetroni mpya nao wakataka pembe za kitenge. Nilimwona kijana mmoja wa reli, mshahara mfukoni, akiomba suruali yake mpya kabisa ipasuliwe.

Wazee walinuna. Dar es Salaam Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanzisha Operesheni Vijana tangu Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na kwetu habari zile zilifika kama kitisho cha balozi wa nyumba kumi: “Wakija wenyewe wa wilayani mtaona.” Hatukuwaona. Malawi ndiko kulikokuwa na sheria hasa. Rais Banda alipiga marufuku bugaluu na nywele ndefu kwa wanaume, na wanawake hawakuruhusiwa suruali wala sketi fupi. Madereva walisimulia kuwa ukikaribia mpaka wa Kasumulu unasimamisha gari, unavua suruali ya starehe, unavaa ya safari. Kwa hiyo kijana wa pembe hii ya nchi alijua kwamba suruali moja inaweza kuwa ya sifa Nakonde, ya lawama nyumbani na ya kesi Karonga, na mwendo wa basi kati ya sehemu hizo ni wa siku moja.

Kaunda suti ilikuja kwa njia nyingine, nayo ndiyo iliyompa fundi wetu jina. Mwalimu mkuu alitaka vazi la Sabasaba. Akaja na gazeti lenye picha ya Kaunda amesimama na Mwalimu Nyerere, akaweka kidole juu yake: “Hii, fundi.” Fundi akalitazama gazeti siku kadhaa. Alihesabu vifungo, akahesabu mifuko ikawa minne, akapima kwa ukucha umbali wa kola hadi mfuko wa juu. Mikono mifupi, hakuna tai, suruali ya kitambaa kilekile. Tatizo likawa moja: picha ilipigwa kwa mbele, na mgongo wa Rais wa Zambia hakuna aliyeuona.

Baraza zima likaingia kazini. Mwalimu mkuu alishikilia kwamba nyuma kuna mpasuo kama koti la Kiingereza. Mzee mmoja aliyefanya kazi Ndola akasema hapana, kuna mkanda, tena wa vifungo viwili. Dereva wa lori la mahindi alidai kwamba nyuma hakuna kitu, tambarare tu, na ndiyo maana hawapigi picha. Fundi akawasikiliza wote, kisha akakata anavyojua yeye: marinda mawili yanayoanzia begani, nusu mkanda kiunoni, na mpasuo hakuna. Alipoulizwa kwa nini hakuweka mpasuo, akajibu kwamba rais hapasuliwi nyuma.

Mwalimu mkuu aliivaa Sabasaba, na alipoketi yale marinda yakafunguka, shati likampa nafasi, hata jasho halikumgandishia kitambaa mgongoni. Baada ya hapo wakaja bwana shamba, katibu wa tawi, wainjilisti na mabwana harusi. Ukikutana na Kaunda suti yenye marinda mawili pale stendi ya Tunduma ulijua mwenyewe katoka Ndalambo, au kamlipa mtu wa Ndalambo. Miaka michache baadaye akapita barazani Mzambia mmoja, kavaa suti halisi iliyoshonwa kwao, mgongo mtupu. Wazee walimwonea huruma. Wakanong’ona kwamba fundi wake kamwibia kitambaa.

Mwaka 2023 niliposikia Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang’ula, amepiga marufuku Kaunda suti ndani ya Bunge, nilijiuliza yetu ingehesabiwa au ingepita.

Turudi miaka ile: kisha ukaja uhaba. Vita ya Kagera ilianza mwishoni mwa 1978, na baada yake maduka yakabaki na rafu. Duka la kijiji, ambalo baraza lake lilikuwa chuo changu, lilikuwa na chumvi wiki moja na viberiti wiki nyingine. Khanga ikipatikana ni kwa foleni, na majina yameshaandikwa kabla gari halijashusha mzigo. Tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Miguuni tulivaa katambuga za matairi ya malori. Fundi hakukosa kazi hata siku moja, ila ilikuwa kazi ya kugeuza: kola iliyosagika aliichokoa, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, suruali iliyopauka aliifumua yote akaishona kinyume, suruali iliyoisha magoti ikawa kaptula ya mtoto. Uzi ulipokosekana tulifumua magunia. Shati likaitwa jipya kwa sababu kola yake imegeuzwa, na mtu alipongezwa kanisani kwa kugeuza.

Nani asema shida iliondoa madaha? Wakati ule ndipo nilipoona wanawake wetu wakivaa kwa akili kubwa zaidi. Kitambaa kilikuwa kimoja, basi tofauti ikahamia kwenye kufunga: kilemba cha upande, kilemba cha ncha mbili, mtandio wa begani unaoanguka hadi kiwiko na usizidi. Vitenge vilitoka Zambia, vile vya kiwanda cha Kafue, na vilivuka mpaka miilini. Mama yangu na wenzake walikwenda Nakonde wembamba wakarudi wanene, kila mmoja kavaa vitenge vinne au vitano kimoja juu ya kingine, wakitembea hatua fupi kwa sababu miguu haifunguki.

Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, mama alivizika vitenge vyake ndani ya kihenge, chini ya mahindi, akaviacha humo muda mrefu. Alipovitoa vilikuwa na harufu ya fukusi na vumbi la mahindi ambayo haikutoka hata kwa kufua mara tatu. Alivivaa hivyohivyo kanisani, na benchi zima likajua vimelala wapi. Mama mwingine benchi la nyuma naye alinukia vilevile, wakatazamana wakacheka hadi mchungaji akanyamaza kuwasubiri.

Bajeti ya 1984, aliyoisoma Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi. Mwaka uliofuata akaingia Ikulu Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa Tunduma. Kafa Ulaya, watu waliziita hivyo nguo zile, wengine wakiamini kweli mwenye koti kafa, na hawakuacha kununua. Kwetu Juni kuna baridi. Koti la marehemu lilikuwa bora kuliko meno kugongana.

Fundi naye alinunua koti, la sufu, rangi ya majivu, lebo ya Italia ndani. Hakulivaa. Alilitandaza mezani akalifumua mshono kwa mshono, kama mchinjaji anayetenga nyama na mifupa, mimi nikipokea vipande na kuvipanga kwa mpangilio. Ndani ya kifua kulikuwa na kitambaa kigumu kilichoshikizwa kwa mishono midogo ya mkono, mamia kwa mamia, isiyoonekana nje. Alikaa nayo hadi giza. “Huyu mtu amefanya kazi,” akasema. Kesho yake akaanza kutia ndani ya makoti yake gunia la unga lililofuliwa, na yakasimama vizuri. Ila wateja walikuwa wanapungua. Robota lilimletea kijana koti lililokamilika, kwa bei ndogo kuliko kitambaa peke yake, na kwenye robota hakuna wa kubishana naye kuhusu mgongo. Hilo ndilo ninaloilaumia mitumba, kama lazima niilaumu. Nguo zenyewe zilikuwa nzuri na zilituvalisha. Ubishi ndio uliohama barazani.

Fundi alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, karibu na wakati Kaunda alipoondoka Ikulu. Aliyemfuata, Frederick Chiluba, alikuwa mtanashati wa suti na tai, na upande wa pili wa mpaka wakubwa wakaziacha Kaunda suti haraka sana. Mwaka 2007 jaji wa London alieleza katika hukumu ya madai kwamba Chiluba alitumia zaidi ya dola 500,000 kwenye duka moja la mavazi la Geneva. Mahakama ya Zambia ilimwachia huru katika kesi ya jinai mwaka 2009. Mimi si hakimu. Nilichojiuliza kama mtu wa sindano ni kama kwenye duka lile kulikuwa na baraza, na kama yupo aliyethubutu kumwambia rais kwamba mkono huu ni mrefu.

Sasa tuna Mkoa wa Songwe tangu 2016, na lami ya Sumbawanga. Mpwa wangu hunionyesha kwenye simu mavazi ya Swahili Fashion Week, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari kabla ya kushika mkasi. Mengine nayapenda kabisa. Mikato ya vitenge ni safi, mtu anaona kwamba anayekata anajua kitambaa kinataka kuangukia wapi. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya soko la AGOA, na Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ndiyo iliyoshikilia. Tunduma marobota yanaendelea kufunguliwa asubuhi, na pembeni yake wapo mafundi vijana na cherehani zao za Butterfly, wakipunguza suruali za Kizungu ziwe modo huku mteja akisubiri amejifunga khanga.

Mwaka jana tulimwoza binti wa mdogo wangu hapa Ndalambo. Kamati ilileta kitenge cha sare kutoka Nakonde na bango la mishono, namba moja hadi ishirini na nne. Vijana walichagua mgongo wazi hadi kiunoni. Shangazi zake wakasema kanisani hauingii. Fundi, binti mdogo wa Tunduma mwenye futi shingoni, akashauri mgongo ufungwe kwa wavu mweusi. Shangazi mkubwa akauliza wavu unafunika nini. Mama mwenye nyumba akataka vifungo, bibi akataka marinda, na mimi nilipofungua mdomo kuhusu nusu mkanda nikaambiwa, “Baba, hili si lako.” Waliendelea hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana mgongo ufungwe, mikono iachwe wazi, na anayetaka wavu ajilipie mwenyewe.