Kisanduku cha mbao kwa redio yetu ndogo



Redio ndogo ya kadi inatusaidia nyumbani: habari, nyimbo za korali, masomo ya watoto. Lakini sauti yake ni nyembamba, na tukiiongeza ili tusikie maneno, inakwaruza masikio.

Bafle yake inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kwa sauti nzito, hewa ya nyuma inazunguka na kuifuta ile ya mbele. Kwangu nilikata tundu katika kisanduku cha mbao, nikafunga bafle pale, nikaziba nyufa na kutia vitambaa kidogo ndani. Sasa ngoma zinasikika, na maneno pia, bila kupandisha sauti.

Kazi hii haingojei baba wala fundi. Kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu wa Konono No 1 alitumia sumaku za magari ya zamani kukuza sauti ya likembe. Lakini toeni betri kwanza. Ile ya litiamu ikitobolewa inaweza kuwaka. Na ukibadilisha bafle, tazama namba ya omu nyuma yake: ya 4 mahali pa 8 inaweza kuunguza redio.

Faida kubwa ni masikio ya watoto. OMS inashauri mtoto asipite desibeli 75 kwa masaa 40 kwa juma. Sikio likiharibiwa na kelele halirudi. Darasani mtoto anaweza kuitwa mzembe, kumbe hasikii swali.

Anayetaka kuona kisanduku, apite kwangu baada ya masomo.