Barua ya Kutazama Ndege

Mwaka 1994, mtu aliyeonekana na darubini kusini ya Mtwara alikuwa na maswali ya kujibu. Mpaka uko karibu. Wazee walikuwa hawajasahau miaka ya vita vya ukombozi, tangu 1964, Wareno walipokuwa ng'ambo ya Ruvuma, na vita vya Wamsumbiji wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekoma juzijuzi tu, Oktoba 1992. Ndiyo maana Mwalimu wangu, tulipopanga safari ya baiskeli, kabla ya kutafuta pampu wala viraka, alitafuta kwanza barua. Ilisema kwamba yeye, mwalimu wa baiolojia, na mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne, tunakwenda Msimbati na upande wa Ruvuma kutazama ndege na kulala nje. Ikapigwa muhuri, akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kiberiti.

Tuliondoka Chuno, mjini Mtwara, alfajiri, mwezi wa Januari. Nyumba zilikuwa chache wakati huo, mikorosho ndiyo mingi. Fundi wa baiskeli alikuja mwenyewe kukagua mzigo, kwa sababu baiskeli zetu zote mbili, Phoenix, zilikuwa zimepita mikononi mwake, na hakutaka kusikia kwamba kazi yake imelala njiani. Alifungua kila kitu tulichokuwa tumefunga usiku. Unga na madumu ya maji akavishusha chini, kimoja kila upande wa karia, na turubai akaliweka juu kwa kuwa ni jepesi. Akafunga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, akivuta mpaka karia inalia. Kisha akapunguza upepo kwenye matairi. Nikamwambia, "Fundi, mbona unatupunguzia?" Akajibu, "Mdogo wangu, tairi iliyojaa hukata mchanga. Iliyolegea hupita juu yake. Mkifika njia ngumu mtajaza." Nimeendesha baiskeli pwani ile maisha yangu yote, na sijaona ushauri bora kuliko huo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo mchanga ulikuwa umeshikana. Tukapita Mangamba, tukaingia njia ya Madimba. Msimbati ni kilomita zipatazo 40, na mtu mwenye haraka anaweza kuzimaliza asubuhi moja. Mwalimu hakuwa na haraka. Kila dudumizi alipolia vichakani tulisimama. Kila keremkerem aliyetua kwenye tawi kavu aliandikwa kwenye daftari, pamoja na saa na mahali. Alikuwa na kitabu cha John G. Williams cha ndege wa Afrika Mashariki, kimechakaa, jalada limeshikiliwa na plasta ya kidonda. Alinifundisha kuangalia mdomo kwanza, halafu miguu, na rangi mwisho, maana rangi hubadilika kwa umri na msimu, lakini mdomo hukwambia ndege anakula nini.

Jioni, kijijini Msimbati, mgambo akatusimamisha. Aliisoma barua, akaisoma tena, akaichukua darubini na kuiweka ofisini. Tuliambiwa tulale papo hapo, uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, ambapo tungeonekana. Tukatundika turubai kati ya minazi na chandarua chini yake, tukapika ugali na dagaa. Mwalimu hakulalamika hata kidogo. Alisema mgeni wa mpakani akiulizwa, kijiji kinafanya kazi yake. Kulipopambazuka mgambo yule yule akaturudishia darubini, akasema, "Mwalimu, kama mnataka ndege kweli, twendeni kabla maji hayajarudi."

Ilikuwa siku za bamvua. Maji ya Ghuba ya Mnazi yalikuwa yamekupwa mbali, na tope na mchanga vikang'aa mpaka kwenye mikoko. Walikuwapo ndege wadogo waliokuja kutoka Siberia, wakikimbia ukingoni mwa maji. Walikuwapo membe, na kulasitara waliosimama peke yao. Na katikati ya uwanda huo walitembea ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kuliko unavyotarajia kwa umbo lile. Ni wala kaa. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Omani. Hutaga yai moja, jeupe, ndani ya shimo wanalolichimba mchangani. Mwalimu akanipa darubini: ndege mmoja, mkubwa sawa na wenzake lakini wa kijivu mgongoni, alikuwa akimfuata mwingine huku ameinamisha kichwa, analilia chakula. Aliyefuatwa akavunja kaa, akampa. Mtoto yule alikuwa amesafiri maelfu ya kilomita kutoka shimo alimoanguliwa, na bado alikuwa analishwa na mzazi wake, Mtwara.

Wanawake waliokuwa wakichokoa chaza walikuwa wakipita karibu nao kabisa, na ndege hawakushtuka. Tukawaamkia. Mama mmoja akaitikia, akauliza tunawinda nini. "Tunawatazama tu, mama." Akasema hao huwapo kila mwaka, na palipo na hao kaa hawakosi.

Ndipo tuliposikia mshindo. Ulikuwa mzito, kama unatoka chini ya miguu. Uwanda mzima ukainuka kwa pamoja, wadogo na wakubwa, ukageuka juu ya maji na kwenda zake. Mgambo akasema, "Baruti." Mwalimu hakuandika kitu. Miaka ile uvuvi wa baruti ulikuwa jambo la kila siku pwani ya Mtwara: samaki wachache wanaelea, wengi wanazama na kuoza, na matumbawe yaliyojengwa kwa vizazi yanakuwa kokoto. Sijaona kosa kubwa zaidi dhidi ya bahari hii, na nililiona likitendwa mchana kweupe.

Waliolisimamisha kwanza ni watu wa vijiji wenyewe, waliokataa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, ya pili nchini baada ya ile ya Kisiwa cha Mafia. Baadaye ikaja gesi, likaja bomba linaloanzia Madimba kwenda Dar es Salaam, na Chuno ikajaa nyumba.

Mwalimu ametangulia mbele ya haki. Daftari ninalo, na ndege aliowaandika bado wanakuja. Wanaotoka kuwatazama wengi ni wageni wa mbali, na hilo si haki kwetu. Vijana wa Chuno, Shangani na Ligula, baiskeli mnazo. Subirini bamvua ya Januari, lipieni kiingilio cha hifadhi, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, na mpunguze upepo kwenye matairi. Daftari nitampa atakayekuwa tayari kuliendeleza.