Mpira ulioponyoka Cardiff

Jamani, wiki hii nimeboronga. Uchaguzi mdogo wa udiwani, nikampa aliyeshindwa kura za mshindi, na gazeti likatoka hivyo hivyo. Mhariri hakufoka. Alinisogezea gazeti tu, akaendelea na chai yake. Afadhali angefoka!

Usiku usingizi haukuja. Nikawa natafuta kwenye intaneti chaguzi zilizoamuliwa kwa kura chache, na ndivyo nilivyokutana na Dick Spring wa Ireland.

Huyu bwana kwao ni Tralee, kaunti ya Kerry, nchi ya wakulima na ng'ombe wa maziwa. Baba yake, Dan, alikuwa mbunge tangu 1943, na kabla ya hapo, mwaka 1940, alikuwa nahodha wa Kerry iliyotwaa ubingwa wa soka ya Kigaeli. Mtoto akasomea sheria, akacheza soka hiyo, na raga pia.

Timu ya taifa ya raga aliichezea mechi 3 tu, zote mwaka 1979. Cardiff, dhidi ya Wales, alikuwa beki wa mwisho. Mpira ukamponyoka karibu kabisa na mstari wake, Wales wakafunga. Mechi ikaisha 24-21. Hesabu mwenyewe hiyo tofauti, halafu fikiria safari ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1981 akarithi kiti cha baba yake, na mwishoni mwa 1982 tayari alikuwa kiongozi wa chama cha Labour na naibu waziri mkuu. Ana miaka 32! (Mimi bado naandika udiwani, tena kwa makosa.)

Lakini kilichoniweka macho ni 1987. Kiti cha mwisho cha Kerry Kaskazini alikipata kwa kura 4. Nne! Nyumba moja tu wangechelewa kumaliza kukamua ng'ombe, wakaona uvivu kwenda kituoni, basi tena. Mwaka 1992 chama chake kikaibuka na viti 33, naye akawa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2002 Kerry hao hao wakamnyima kiti.

Na bado watu wakimtaja, ule mpira wa Cardiff haukosi.

Kesho masahihisho yangu yanatoka, ukurasa wa pili, chini kabisa. Nimeandika mwenyewe. Tarakimu nimezisoma kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia dirishani.