Kosa Linalosema na Kosa Linalonyamaza

Kwenye mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma bei ya dagaa na migebuka hutajwa kwa mdomo, na hakuna anayeuliza kama "elfu ishirini" ni namba au ni neno. Binadamu hutambua mwenyewe. Kompyuta haitambui mpaka uiambie.

Mimi nililielewa jambo hili kwenye kompyuta ya zamani, Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982. BASIC, lugha iliyobuniwa Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, hutenganisha vigeu kwa majina yake: B huhifadhi namba, B$ huhifadhi maandishi. Ukiandika:

10 B="20000"

mashine itasimama na kuandika ?TYPE MISMATCH ERROR IN 10, yaani aina za data hazikupatana katika mstari wa 10. Wengi hulichukia kosa hili. Mimi nalipenda, kwani linakuonesha mahali penyewe. Ondoa alama za mtajo, au badili B iwe B$.

Linaloponza ni kosa linalonyamaza:

10 A$="20000"
20 B$="15000"
30 PRINT A$+B$

Skrini itaonesha 2000015000. Mashine haikulalamika, ila imeunganisha maandishi badala ya kujumlisha, na mchuuzi aliyetegemea 35000 atakosana na mteja wake. Sahihisha mstari wa 30:

30 PRINT VAL(A$)+VAL(B$)

Angalia lakini: VAL huishia inapokutana na alama isiyo sehemu ya namba. Kwa hiyo VAL("20,000") hutoa 20.

Wala usigeuze kila chenye tarakimu kuwa namba. Namba ya simu ikiwekwa katika B hupoteza sifuri ya mwanzo, na ukiipiga hivyo haitapatikana. Iache iwe maandishi.

Ukipewa programu yenye kosa katika mtihani, usikimbilie kubadili mistari. Chukua penseli, orodhesha vigeu vyote, na mbele ya kila kimoja andika "namba" au "maandishi". Usipokuwa na hakika, jiulize: je, nitakifanyia hesabu? Katika Visual Basic utakutana na Integer na String, lakini swali hilo halibadiliki. Lijibu kwanza, ndipo urudi kwenye mstari wenye kosa.