Kibanda Kisicho na Mlinzi Katika Theluji ya Rondane

Nchini Norway kuna vibanda vya milimani visivyo na mlinzi wala mhudumu. Ndani yake mna vitanda, magodoro, jiko la kuni na ghala ya vyakula. Mgeni hufungua mlango kwa ufunguo wa chama, hupika atakacho, huandika alichotumia na siku alizolala, kisha hulipa. Hakuna anayemhesabia. Jamaa zetu walioko Oslo walitusimulia haya kwa miaka, nasi tukadhani wanatia chumvi. Mwezi wa Februari tulikwenda kujionea: wanawake wanne, shemeji yetu aliyeizoea milima hiyo, na binti yake wa miaka 12.

Rondane iko kaskazini mwa Oslo. Husafiriwa kwa treni hadi mji mdogo wa Otta, kisha kwa gari hadi pale barabara inapofungwa na theluji. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Norway, iliyotengwa mwaka 1962. Milima yake ni ya mviringo, na mrefu kuliko yote, Rondslottet, una mita 2,178. Kulungu wa nchi za baridi wangali wakitembea huko kwa makundi.

Aliyewahi kukanyaga tope la mikoko wakati wa maji kupwa ataielewa theluji kwa upesi. Mguu huzama hadi gotini, na kila hatua hugharimu nguvu za hatua tatu. Dawa yake ni viatu vya theluji: nyayo pana za plastiki zenye meno ya chuma, zinazofungwa chini ya buti ili uzito wa mtu utawanyike. Mwendo wake ni wa kutanua miguu kidogo, polepole, bila haraka. Mama mdogo wetu, ambaye ana miaka 58 na hakuwahi kuishika theluji, aliuzoea kabla yetu sote.

Njia yenyewe haionekani. Alama zake ni matawi membamba yaliyochomekwa thelujini, moja baada ya jingine, na watu waliopita kwanza kwa kazi hiyo. Tulitembea kandokando ya njia ya wanaoteleza kwa skii, kwa kuwa si adabu kuivuruga. Saa 9 alasiri upepo ulianza kuvuma, na nyuzi zilikuwa 14 chini ya sifuri. Binti akasema hazisikii ncha za vidole vyake. Tukamtia mikono kwapani mwa mama yake, tukaendelea, tawi hadi tawi, mpaka paa la kibanda likachomoza.

Koleo lilikuwa limetundikwa nje, tukafukua mlango. Ndani kulikuwa na baridi kama ya nje, lakini kando ya jiko lilikuwapo sanduku la kuni kavu, zilizokwisha kupasuliwa, na juu yake vijiti vyembamba na kiberiti. Hatukutafuta kitu. Katika dakika chache moto uliwaka, na binti akaanza kulia kwa maumivu ya vidole vinavyorudiwa na damu. Shemeji akasema kilio hicho ni habari njema.

Vibanda hivi ni vya chama cha watembezi wa Norway, kiitwacho DNT kwa kifupi, kilichoasisiwa mwaka 1868. Leo vyake na vya matawi yake ni zaidi ya 500. Si vyote visivyo na wahudumu, lakini vilivyo hivyo vina sharti moja linalojulikana na kila mtu: kiache kibanda kikiwa tayari kwa ajaye.

Maji tuliyapata kwa kuyeyusha theluji sufuriani, na kwayo tukatawadha. Dira iliyotuongoza njiani ndiyo iliyotuonyesha kibla, kusini-mashariki. Baadhi yetu tulikariri tangu chuoni ile dua ya kufungulia sala inayotaja theluji, na usiku ule neno hilo lilikuwa mbele ya dirisha. Ghalani tukachagua mchele, maharagwe na samaki wa kopo, tukaviunga kwa bizari tuliyokuja nayo.

Tulikusudia kulala usiku mmoja. Asubuhi ya Jumapili dirisha lilikuwa jeupe tupu. Hata tawi la kwanza halikuonekana. Wifi yetu alikuwa na zamu ya kazi Jumatatu alfajiri, na simu hazikushika mtandao. Akasema, "Shemeji, ni kilomita 7 tu." Shemeji akamjibu kwa upole, "Ni kweli, wifi, lakini ni 7 za kuona njia." Akatueleza kuwa Wanorwe wana kanuni 9 za milimani, zilizotiliwa mkazo baada ya Pasaka ya mwaka 1967, watu 18 walipofia milimani. Mojawapo husema kurudi nyuma mapema si aibu. Mama mdogo akaongeza kwamba kubaki nako si aibu. Wifi alinyamaza kwa muda, kisha akachukua shoka, akatoka kwenda kupasua kuni.

Tukabaki. Chakula cha siku ile ya ziada hatukukibeba sisi. Kilibebwa na watu wasiotujua, wakakiacha kwa imani kwamba atakayekila ataandika. Kwetu pwani jambo hili lina jina, nalo ni amana. Tulizoea kulisikia likitajwa kwa mali ya yatima na siri ya jirani. Kule tulilala juu yake, tukalila, tukaota moto wake.

Jumatatu mbingu zikafunguka. Tulipiga deki sakafu, tukafunga gesi, tukatia takataka katika mikoba, tukajaza sanduku la kuni hadi juu. Binti akasoma makopo kwa sauti, mama mdogo akaandika, shemeji akalipa.

Katikati ya njia tulikutana na wazee wawili, mume na mke, wakipanda kwa skii. Bibi aliuliza jambo moja tu: je, kuni zipo? Wifi yetu akamjibu kwa Kinorwe kwamba sanduku limejaa, na vijiti viko juu yake.