Kopo la Fedha Kando ya Njia

Mwenye kusafiri huona mengi, lakini si yote yapasayo kusimuliwa. Mimi nitasimulia machache niliyoyaona katika nchi ya Denmark, kwa kuwa tangu nirudi nyumbani hayanitoki moyoni.

Nalikuwa nikipita njia ya mashambani, upande wa magharibi wa Jutland, pamoja na mwenyeji wangu, mzee mfuga ng'ombe. Kando ya njia palikuwa na meza, na juu yake mifuko ya viazi na kopo la fedha. Mwuzaji hakuwapo. Mzee alitwaa mfuko mmoja, akatia fedha koponi, tukaenda zetu. Nikamwuliza, "Je, mwizi akipita?" Akajibu, "Huenda akapita. Lakini kukaa hapa mchana kutwa kumngojea ni hasara kuliko viazi."

Kisha akanipeleka Hjedding, kuliko na kiwanda kidogo cha maziwa kilichoanzishwa mwaka 1882, cha kwanza cha ushirika katika nchi hiyo. Siku hizi ni makumbusho. Nikajifunza ya kuwa Denmark haikuwa tajiri tangu zamani. Mwaka 1864 ilishindwa vitani, ikapoteza Schleswig na Holstein. Baadaye nafaka rahisi ya Marekani na Urusi ikaangusha bei ya nafaka yao. Wakulima hawakukaa kitako kulia. Walishika ufugaji, wakauza siagi Uingereza. Na katika mikutano ya ushirika kila mtu alikuwa na kura moja, mwenye ng'ombe mmoja sawasawa na mwenye hamsini.

Niliposikia hayo niliona haya. Maana mimi nalijitoa katika chama chetu cha maziwa, kwa kuwa sikuvumilia jirani yangu mwenye ng'ombe wawili awe na sauti sawa na yangu, mimi mwenye tisa. Tangu hapo nauza peke yangu, kwa bei aitakayo mnunuzi, wala jirani hanisalimu kwa moyo mweupe.

Ripoti ya Furaha Duniani iliwaweka Wadenmark wa kwanza mwaka 2012, 2013 na 2016. Hata hivyo sikuona ngoma wala vigelegele. Niliona watu wanyamavu, mvua, na kodi kubwa. Nilimwuliza mzee kama kodi haimchomi. Akasema, "Yachoma. Lakini mjukuu wangu asoma bila ada, na mke wangu alitibiwa hospitali bila malipo. Basi usiku nalala." Hapo nikafahamu ya kuwa mtu huridhika hofu zake zikipungua, hata kama mali yake haikuongezeka.

Niliporudi nilikwenda jioni moja kwa jirani yangu, nikamwomba anisemee mkutanoni nipokewe tena chamani. Alinitazama kitambo, akacheka. "Karibu, ndugu yangu," akasema, "lakini ujue kura ni moja tu."

Nikamjibu, "Hiyo moja yanitosha."